Mtu Apige Simu

Barua ilikuwa mezani kwa msimamizi wa kiwanda cha kufulia, imeshachapwa, inangoja saini tu. Ilisema kwamba yeye, mpiga pasi wa chumba cha pili, alimwona wifi yake, mkunja mashuka wa humo humo, akianguka kando ya mashine ya kukaushia, akamwacha sakafuni dakika kumi na mbili kwa chuki za kifamilia. Akisaini, atapewa onyo na kazi itabaki. Asiposaini, mlango ule pale.

"Weka saini turudi kazini, dada," alisema msimamizi. "Mashuka ya hospitali hayajipigi pasi."

Wafuaji na wapiga pasi wenzake kumi walisimama wameegemea ukuta, macho chini. Wifi alikaa kitini, nyuzi saba za mshono kwenye paji la uso.

Mpiga pasi huyo wenzake walimwita Chuma, kwa sababu ya pasi na kwa sababu ya ulimi. "Nimeisoma," alisema. "Sisaini."

Kuona, aliona. Hilo hakulikataa. Siku ile alipiga kelele, "Jamani, mtu apige simu ofisini!" kisha akarudi kwenye pasi asije akaunguza shuka, akiamini simu imeshapigwa. Simu ilikuwa ukutani, hatua tatu kutoka kwa kila mmoja wao. Haikupigwa. Tangu hapo kaka yake hamsalimii.

Siku zile kulikuwa na mwanafunzi wa saikolojia aliyekuwa akija kiwandani kuwauliza habari za uchovu wa kazi, nao wakambandika jina la Bibi Maswali. Baada ya ajali alimwuliza kila mtu kwa faragha: ulipoona, uliwaza nini? Jana alimwambia Chuma, "Watu kumi na mmoja, jibu moja: nilidhani mtu ameshapiga. Watafiti wameliona hili mara nyingi. Macho yakizidi, kila mkono huungoja mwingine. Si lazima iwe roho mbaya." Chuma alilishika neno hilo kama anavyoshika pasi: kwa mpini.

Nje mvua ilianza. Matone yakaingia dirishani, yakatua juu ya daftari la mahudhurio.

"Mtu afunge dirisha," alisema Chuma.

Msimamizi akawatazama wapiga pasi. Wapiga pasi wakatazamana. Wifi akamtazama msimamizi. Wino ukaanza kutiririka.

"Miaka tisa niko hapa," alisema Chuma, "sijawahi kumwona huyo Mtu akiingia zamu. Bosi, funga dirisha."

Msimamizi alikuwa ameshainuka, mkono kwenye komeo, kabla hajakumbuka nani ni bosi wa nani. Huko ukutani mtu alikohoa kicheko.

"Unanichezea?"

"Nakuonyesha. Humu tuko kumi na watatu na daftari limelowa. Nani analichukia daftari? Lile tangazo la 'ajali ikitokea, mtu apige simu' uliliandika wewe. Ungeandika mfungaji wa mashuka apige, yule pale ukutani, angepiga. Sasa unataka roho yangu ibebe kosa la tangazo lako."

"Lakini hunipendi," wifi alisema taratibu.

"Sikupendi. Ulipoolewa tu ulisema ninachopika ni chakula cha kuku, tena kuku wagonjwa. Ila sikukuacha kwa hilo. Nilipiga kelele nikaona nimemaliza kazi. Hilo ni langu, wifi, na kwa hilo naomba radhi mbele ya wote. Chuki ya kwenye barua si yangu. Hata wakininyang'anya kazi, siitii saini."

"Basi kusanya vitu vyako," alisema msimamizi.

Wifi alijigusa nyuzi. Akawatazama wale wa ukutani, kama anayepima kitu asichotaka kununua. "Na hawa kumi? Barua zao ziko wapi? Maana angeanguka yeye, mimi ningekunja mashuka yangu nikijua mtu ameshapiga. Kuku hawa wagonjwa wote ni wa banda moja."

Mfungaji wa mashuka, jitu refu lisilopenda maneno, alijibandua ukutani. "Niandikie na mimi."

"Na mimi," alisema wa pili. Kisha wa tatu, naye akasema jina lake lote, la baba na la babu, asije akachanganywa na mwingine.

Msimamizi alifungua droo, akaifunga. "Karatasi hazitoshi."

"Tutangoja," alisema Chuma, akavuta kiti, akakaa.