Midomo ya Bwana Harusi

Jicho langu moja likitazama kanisani, jingine liko sokoni. Kwa makengeza haya watu wa Los Angeles hunilipa nianguke kwenye keki. Sura ambayo wewe ungeificha kwa kofia, mimi imenijengea nyumba.

Mwaka ule tulipiga filamu ya harusi, moja ya zile zisizo na sauti, mimi bwana harusi. Mwongozaji wetu, Gorman, alikuwa akipayuka pembeni ya kamera: "Chezesha midomo, we Otis! Sema chochote, nani atasikia?"

Nikasema. Nimemshika mkono bibi harusi wa bandia, namsimulia habari za mke wangu wa kweli. "Lena wangu akipika supu, hata paka anahama. Na mama yake, Mungu apishe mbali!" Msichana alicheka mpaka shela likamdondoka. Gorman alifurahi ajabu.

Sasa sikia upumbavu wangu. Lena ni kiziwi tangu homa ya utotoni. Kusema anasema, ila maneno yako huyasoma midomoni. Filamu zangu haji kuzitazama, hapendi kuniona nikipigwa, lakini hii ya harusi akasema lazima. Nikafunga tai, nikampeleka sinema mchana, na wallahi sikukumbuka kitu mpaka nilipojiona ukutani, mdomo mkubwa kama mlango, unasema "supu".

Nikakurupuka niizibe picha kwa mwili wangu, nikajikwaa, nikamwangukia mpiga piano aliyekuwa akiisindikiza filamu. Ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Lena alikuwa analia.

Njiani hakunitazama hata mara moja. Asiponitazama, bubu ni mimi. Tulipofika akatoa sanduku, akaanza kukunja nguo, mgongo kwangu. Niliogopa kweli.

Ghafla akageuka. "Pale mwisho wa filamu, kabla ya keki. Ulisema ungenioa tena?"

"Nilisema."

"Ulikuwa unamwangalia yule msichana."

"Lena, kwa macho haya, hata mwenyewe sijui nilikuwa namwangalia nani!"

Hakucheka. "Miaka sita hujaniambia neno hilo. Ukamwambia yeye, tena na supu yangu ukaisema vibaya."

Akanishika kidevu, akanigeuzia dirishani penye mwanga.

"Haya, sema. Polepole, na bila keki."

Nikasema. Sauti ilinikatika katikati, lakini sauti haimhusu yeye.

"Rudia," akasema, akakaa juu ya sanduku.