Buloni Iliyoshikwa na Tope

Kaka yangu Alphonse alimleta mama kutoka Mitwaba, mbali huko kaskazini, kwa pikipiki, mvua zikiwa bado hazijakatika. Malori yalikuwa yamekwama njiani, na uvimbe uliokuwa tumboni mwa mama haukuweza kuyasubiri. Alimkalisha nyuma yake, akamfunga kwa kitenge kama mtoto anavyofungwa mgongoni, wakaja. Walipoingia katika ua wetu hapa mjini, mtaa wa Ruashi, sikuwatambua. Walikuwa wekundu kwa udongo tangu kichwani hadi miguuni, na pikipiki vilevile. Mama alikuwa bado ananong'ona rozari. Siku ileile tulimpeleka hospitali, akapasuliwa, na Mungu akatusaidia.

Wiki zikapita. Mama akaanza kutembea uani, kisha akaanza kubishana nami namna ya kusonga bukari, ugali wetu, na hapo ndipo nilipojua amepona. Alphonse akaanza kuzungumzia safari ya kurudi, maana mahindi yake yalikuwa yanamsubiri.

Jumamosi moja mume wangu Raoul alimwambia kwamba kabla ya safari lazima wabadilishe mafuta ya injini. Raoul ni manseba, ndivyo tunavyowaita hapa wanaobeba abiria kwa pikipiki, na yake huitunza kuliko anavyotunza nywele zake. Ya Alphonse ilikuwa kuukuu. Aliinunua kwa muuguzi mstaafu, muuguzi aliinunua kwa padri, na kabla ya padri hakuna ajuaye. Kiti kilishonwa kwa waya, taa ilifungwa kwa kipande cha mpira. Tangu walipofika ilikuwa imelala chini ya turubai, hakuna aliyeigusa.

"Shemeji," Raoul aliuliza, akisukuma karai chini ya injini, "vidange ya mwisho ulifanyaka lini?"

"Vidange?" Alphonse alicheka kidogo, kwa aibu. "Mafuta ya motere? Mi natiaka esanse ku tanki tu. Mwenye aliniuzishia alisema iko muzima."

Raoul alichukua bisibisi, akaanza kubandua tope lililogandamana chini ya injini. Lilikuwa gumu kama tofali la kuchoma, nene kama ngumi, na jeusi kwa ndani. Kipande kikubwa kilipoanguka, ikaonekana buloni, ile boliti ya kumwagia mafuta. Akanyoosha mkono Alphonse ampe ufunguo wa kuifungulia. Kisha mkono ule ukabaki hewani.

"Bénie, kuya uone," aliniita.

Aliigusa buloni kwa vidole viwili tu. Ikazunguka. Akaizungusha tena, taratibu, ikamtoka mkononi na kuanguka ndani ya karai.

Injini kama ile, mafuta yake hukaribia lita nzima. Tulisubiri yamwagike. Ulitoka uzi mmoja mweusi, mzito kama uji ulioungua, ukakatika. Yakafuata matone. Halafu hakuna. Raoul aliilaza pikipiki upande huu, akailaza upande ule. Yaliyokusanyika kwenye karai hayangejaza kikombe cha kahawa.

Alphonse alikaa chini, palepale kwenye udongo.

Mama alikuwa mlangoni mwa jiko, anachagua maharagwe. "Kuko nini? Mbona bote munanyamaza?"

Raoul ni mkwe, humjibu mama akiwa ameinamisha macho. "Mama, buloni ilikuwa imefunguka. Nazani tangu ku njia. Mafuta ilimwangika karibu yote. Njo ile matope ya Mitwaba ilishikilia buloni, isianguke."

"Na motere bila mafuta inakuwaka namna gani?"

"Inakufa, mama. Byuma binapata moto, binashikana. Mi niliona motere mupya inakufa ku njia ya Kasumbalesa, na njia yenyewe ni lami."

"Sasa sisi tulifika namna gani?"

Aliyejibu ni Alphonse, kwa sauti ndogo.

"Ku milima, kila mara motere ilianza kugongagonga, mama ulisema tusimame."

"Tumbo ilikuwa inauma."

"Njo ile. Ulikuwa unalala pa kitenge, unapumuzika. Mi nilikuwa naogopa tutachelewa. Kumbe wakati wewe unalala, motere nayo inapoa." Akafuta uso kwa mkono uliojaa grisi. "Kama haukukuwa unaumwa, mama, singesimama hata kidogo."

Nje ya ua malori ya mgodi yalipita, redio ya jirani iliimba. Lakini kwetu ilikuwa kama kanisani kengele ikishagongwa na watu wakiwa bado wamepiga magoti. Niliwaza njia yote ile, mawe, mito, misitu isiyo na nyumba, na kitu kidogo kile kimeng'ang'aniwa na tope.

Mama aliweka ungo chini. Alikuja polepole, mkono mmoja juu ya kovu, akaweka kiganja kwenye injini.

"Kumbe na wewe ulikuwa mugonjwa," aliiambia.

Raoul alikwenda kununua mafuta na rondeli mpya ya shaba, ile pete ya chini ya buloni. Akasafisha buloni, akaikaza kwa ufunguo hadi mishipa ya shingo ikamsimama. Alphonse alimimina mafuta mwenyewe, taratibu, kama mtu anayemnywesha mgonjwa dawa. Alipopiga kiki, injini ilikaa kimya. Akapiga tena. Ikakohoa, ikatoa moshi mweupe, ikawaka.

Raoul alipiga magoti, akaegemeza bisibisi kwenye injini na kuweka sikio kwenye mpini wake. Alisikiliza kwa muda mrefu.

"Haina kelele," alisema. "Naapa, haina kelele."

Na mume wangu, Mprotestanti wa Kivu ambaye hunitania kila nikifanya ishara ya msalaba, niliona anaifanya yeye mwenyewe, kwa mkono wa kushoto.

Alphonse alitaka ampakie mama warudi vilevile walivyokuja, kwa kuwa mvua zilikuwa zimekatika. Mama alikataa.

"Hii ilishafanya yake. Sasa yenyewe pia ibebwe."

Tukatafuta lori la kwenda Mitwaba. Dereva alitaka kuilaza pikipiki juu ya magunia ya chumvi. Mama akasimama mbele yake, hakupanda hadi ilipofungwa wima kwa kamba. Kisha akaingia kabini. Lori lilipoondoka nilimwona Alphonse kule nyuma, amekaa juu ya pikipiki, kwenye kiti kile kilichoshonwa kwa waya, mikono miwili kwenye usukani, anaangalia mbele kama dereva wa kweli.