Moyo wa Mama Natalina

Hakuna aliyemtuma Ketty. Tuliseme hilo mapema, maana baadaye watu wa Hai Cinema, mtaa wa Juba, walidai ametumwa na serikali, na wengine wakaapa ametumwa na wazungu. Alijituma mwenyewe. Katika mwaka wa pili wa vita, wakati wenye nauli walikuwa wanakimbilia Kampala, yeye aliondoka Kampala alikokulia, akaja Juba, akaingia katika ofisi ya shirika moja la misaada na kusema anataka kusimamia mambo ya mazingira bila mshahara. Meneja, Ustaz Severino, alimtazama kwa muda, akaona hana cha kupoteza, akampa meza.

Basi binti akafanya kazi! Mwezi haukuisha kabla karatasi hazijaanza kuchapishwa pande zote mbili na taa kuzimwa mchana. Mhasibu aliyeacha feni ikizunguka katika chumba kitupu alitajwa kwa jina mbele ya kikao. Wenzake walimwita Waziri. Alicheka nao, kisha akaendelea kuwafokea, kwa sababu alikuwa na hakika na jambo lake, na mwenye hakika hachoki upesi.

Jambo lake halikuishia kwenye feni. Alimwambia Severino kwamba hewa safi na maji safi ni haki ya jirani pia, na kwamba haki isiyo na mahali pa kudaiwa ni pambo tu. Kwa hiyo kila Jumanne alikaa langoni na daftari, akipokea malalamiko ya majirani kuhusu moshi, kelele na takataka za ofisi.

Jumanne ya kwanza ya mwezi wa tano alikuja Mama Natalina, mjane aliyeishi nyuma ya ukuta wa ofisi pamoja na wajukuu wanne. Alikuwa ametembea haraka juani. Alihema, mkono wake ukiwa kifuani.

"Shida gani, mama?" Ketty aliuliza kwa Kiswahili.

Mama Natalina, kwa adabu yake, akajitahidi kumfuata kwenye Kiswahili, akichanganya na Kiarabu chake cha Juba. "Moyo tana batal, biniya. Batal kabisa."

Batal ni mbaya, hilo Ketty alilijua. Kabisa ni kabisa. Na mkono si ulikuwa kifuani? Akaandika daftarini kwamba jirani ana ugonjwa wa moyo, akampa barua ya kwenda kliniki, akamshika mkono mpaka barabarani. Alijiona mtu mwema siku nzima.

Wiki iliyofuata mama akarudi na maneno yaleyale, kwa sauti kubwa zaidi. Ketty akadhani ugonjwa umezidi. Akaandika hayohayo daftarini, akatoa barua ya pili, na neno "haraka" akalipigia mistari miwili.

Jumanne ya tatu wageni walikuja kutoka makao makuu ya shirika, Nairobi, kukagua kama ofisi inastahili cheti cha kutunza mazingira. Mapema asubuhi Severino alimwita Ketty chumbani kwake. "Wewe ndiye utaweka sahihi kwenye fomu," alimwambia. "Cheti kikija, na mkataba wako unakuja. Mshahara kamili. Umevumilia vya kutosha."

Ketty alitoka akiwa anaimba. Alikuta langoni Mama Natalina amesimama na karatasi za kliniki mkononi, hana salamu.

"Daktari yenu iko nashika kifua yangu mara mbili!" alifoka. "Nasema moyo ya kifua iko sawa. Mimi najua iko sawa! Sasa kisima yangu, atashika lini?"

Gune, fundi wa jenereta, alikuwa anapita na spana zake. Akacheka mpaka akajishika mbavu. "Dada, wewe napeleka mama kwa daktari? Kwa Kiarabu yetu moyo ni maji! Moyo tana batal, nasema maji yetu imeharibika."

Ketty alilijua neno hilo. Hilo ndilo lililomchoma. Asubuhi hiyohiyo alikuwa amenunua moyo barid, maji baridi, barabarani, akipatana bei kama mzaliwa. Lakini langoni aliuliza kwa Kiswahili, akangoja jibu la Kiswahili, na masikio yake yakabaki Kampala. Wiki mbili mwanamke alilia maji, naye akampimisha kifua. Aliona haya kiasi cha kutamani ardhi immeze.

"Nionyeshe, mama," alisema.

Kisima kilikuwa hatua ishirini tu kutoka ukutani. Maji yalikuwa na utando wa rangi nyingi juu yake, na harufu yake ilikuwa ya gereji. Gune, aliyewafuata, hakucheka tena.

"Oili chafu," alisema polepole. "Zamani watu wa bandari ya mtoni nachukua yote, wanapaka mbao za matishari. Sasa vita, tishari haiendi kaskazini, hakuna mtu anakuja kuchukua. Madumu yangu yote imejaa. Mimi nikachimba shimo nyuma ya jenereta." Akaonyesha upande wa jenereta kwa spana. "Halafu mvua ikaanza. Malesh, mama, samahani. Kweli, malesh."

Mama Natalina alieleza kwamba wajukuu wawili walikuwa wanaharisha. Gari la maji lilikuwa halifiki upande ule tangu mafuta yaadimike. Alikuwa akichemsha maji yaleyale na kuyachuja kwa kitenge, na bado yalinuka.

Waliporudi, wageni walikwisha kaa kikaoni. Kiongozi wao, mama wa makamo mwenye miwani, alikuwa na fomu mbele yake. "Limebaki swali moja," alisema. "Mmepokea malalamiko yoyote ya kimazingira kutoka kwa majirani?"

"Hakuna hata moja," alijibu Severino, akasogeza daftari mezani. "Ketty atathibitisha."

Na daftari lilikuwa safi. Severino hakudanganya; alisoma kilichoandikwa. Katika kikao kizima ni Ketty peke yake aliyejua kilichokosewa, na kalamu ilikuwa inamngoja. Angeweza kutia sahihi, achukue mkataba, kisha amshughulikie mama kimyakimya. Mbele yake alikaa mhasibu yule wa feni, na watu wengine aliowafokea kwa mwezi mzima kwa makosa madogo kuliko hili. Akapiga moyo konde.

"Yapo mawili," alisema, "na la tatu liko langoni. Niliyaandika vibaya mimi mwenyewe. Mama alisema maji, nikaandika moyo."

Alifungua daftari, akakata neno "moyo" mara mbili, akaandika "maji" juu yake kwa herufi kubwa. Kisha akaeleza yote: shimo, mvua, kisima, watoto. Mhasibu aliangua kicheko. Ketty alimwacha acheke mpaka akaishiwa.

Severino aliinama karibu naye. "Tungeongea kwanza, sisi wawili," alinong'ona. "Kesho tungerekebisha."

"Leo watakunywa nini, Ustaz?"

Mgeni alivua miwani. "Mwiteni huyo mama."

Gune alimleta Mama Natalina, akampa kiti, naye akabaki mlangoni. Mama aliulizwa anataka nini, na kila mtu akajiandaa kusikia madai marefu. Yeye alielekeza kidole ukutani, kule mtambo ulikokuwa ukinguruma. "Zima hiyo. Mpaka shimo ifukuliwe. Basi."

"Mama, kuna kompyuta," Severino alianza. "Kuna ripoti, kuna wageni hawa, kuna…"

"Gune," Ketty alisema, "zima."

Hakuwa na cheo cha kusema hivyo. Hakuwa hata na mshahara. Gune alimtazama Severino, akamtazama Ketty, kisha akatoka.

Kelele ilikatika. Feni zilizunguka kwa uvivu mara chache, zikasimama. Skrini zikazimika moja baada ya nyingine, na katika kimya ambacho ofisi ile haikuwahi kukijua saa za kazi, wote wakasikia ndoo ikipiga maji upande wa pili wa ukuta, na watoto wakigombea nani anywe kwanza.

Mama Natalina aliruka kitini kabla ya yeyote. Alifika dirishani, akawapigia kelele waiache ndoo, wamwage, wamwage yote. Kelele za watoto zikakoma. Kisha sauti moja ndogo ikamwuliza bibi yake, "Habuba, sasa tunywe nini?"

Mama alibaki ameshika nondo za dirisha.

Severino alisimama. Shati lake lilikuwa limelowa jasho. Alikwenda ukumbini, akaunyanyua mtungi wa maji ya kunywa kutoka kwenye kibao chake, akaubeba begani na kutoka nao bila kumtazama mtu. Ketty akachukua mtungi wa pili. Ulimshinda uzito, na mhasibu akaja kushika upande mmoja. Nje, Gune alikuwa ameshatupa spana na kuchukua sepetu.

Wageni walibaki peke yao kikaoni na fomu yao. Kiongozi wao aliuliza kwa sauti ni nani sasa atakayetia sahihi. Hakuna aliyemjibu, kwa kuwa ofisi nzima ilikuwa kisimani.