Mkono wa Marijke

Mlangoni mwa ukumbi, Rima Haddad alimshika mbunge Marijke Oosterlinck mkono asiuachie. Mwanawe, Yazan, alizama mtoni pale askari wa mpaka walipoirudisha mashua yao kwa marungu. Waziri wa mambo ya ndani aliyekuwa juu ya askari wale, Bwana Vesely, leo alikuwa Brussels kuhojiwa na Bunge la Ulaya, akiomba ukamishna wa Umoja wa Ulaya.

"Muulize nani alitoa amri," Rima alisema. "Mbele za watu."

"Nitamuuliza, Mama."

Na kweli alimuuliza. Kila mbunge alipewa dakika moja, na Marijke hakuipoteza kwa salamu. Alilitaja jina la Yazan, akataka kujua nani aliamuru. Vesely akajishika kifua, akasema haki za binadamu zimo moyoni mwake. Mwongo mkavu! Mwenye amri hakumtaja. Juu kwenye viti vya wageni, Rima alilia bila kujificha.

Kisha wawakilishi wa vyama, Marijke akiwa mmoja wao, wakajifungia kumpigia kura mgombea. Huko ndiko watu hupikwa na kupakuliwa. Wananchi huachiwa harufu. Brandl, kiongozi wa kambi ya Marijke, alimsogelea na mkate wake wa jibini mkononi.

"Leo umewaka, dada! Televisheni zote ni wewe. Haya, sasa inua mkono apite."

"Joachim, huyu mtu ana damu mikononi."

"Na kesho anahojiwa mtu wetu. Tukimwangusha wa kwao, wetu atapona? Nipe nikupe, bibie. Hukuzaliwa jana."

Mgombea wa kambi ya Marijke alikuwa mwanamke safi, aliyewapigania wafanyakazi maisha yake yote. Marijke alijiambia hivyo. Alijiambia na mengine. Mwenyekiti alipoita kura, mkono wake wa kulia ukapanda, mwepesi kuliko alivyotarajia, na wepesi ule ndio uliomchoma.

Nje, Rima alikuwa bado anamsubiri. Habari zilikwisha kumfikia kwamba Vesely kapita. Nani kampigia kura, hazikusema.

"Wote ni wale wale," alisema. "Ila wewe, binti yangu. Wewe peke yako ulimsimamia mwanangu. Mungu akulipe."

Akauchukua mkono wa kulia wa Marijke, ule ule, akaubusu.

Marijke akamwacha aubusu.