Shahidi wa Pili

Mume wangu Viljo alijiunga na chama cha wafanyakazi kwa sababu alitaka kuigiza. Nalisema mapema, maana mahakamani hawakulielewa. Huku kwetu kaskazini mwa Minnesota, sisi Wafini tuliohamia kutoka Finland tulikuwa na ukumbi mmoja tu wenye jukwaa, nao ulikuwa wa chama. Ukitaka kupanda jukwaani, sharti uwe na kadi. Viljo akachukua kadi, akavaa ndevu za bandia, akawa mfalme, akawa mwizi, na mara moja, kwa bahati mbaya, akawa mchungaji mlevi. Siasa zenyewe zilimletea usingizi. Nilimwona kwa macho yangu akikoroma katikati ya hotuba.

Huyo mchungaji mlevi ndiye aliyetugombanisha na Isak Palomäki. Isak alikuwa jirani yetu, shemasi wa kanisa, raia wa Marekani wa siku nyingi, mtu mkavu kama ubao. Aliamini Viljo amemkejeli mchungaji wao. Tangu siku ile hakumsemesha tena, miaka sita mizima. Lakini mwaka uleule sauna ya Isak iliungua. Sauna kwetu si anasa. Ni kibanda cha magogo cha kuogea kwa mvuke, na Jumamosi Mfini hamnyimi mtu mvuke hata kama hawaelewani. Isak hakuomba wala hakualikwa. Aliona moshi wetu, akaja na taulo lake.

Basi kila Jumamosi, kwa miaka sita, wanaume wale wawili walikaa uchi kwenye benchi moja wamenuniana. Maji ya kumwagia mawe ya moto waliombana kwa kidole. Isak alishakata magogo ya kujenga sauna nyingine, yakakaa uani kwake mpaka yakaanza kuoza. Ukimuuliza, alisema hana nafasi.

Mwaka wa 1923 tukaitwa mahakamani kwa ajili ya uraia wa Viljo. Shamba letu lilikuwa la serikali. Tulikuwa tumeng'oa visiki mpaka migongo ikapinda, tumejenga nyumba, tumemzika mtoto mmoja pale, lakini hati ya ardhi haitolewi kwa mgeni. Viljo akikataliwa, tunaondoka mikono mitupu. Na ili akubaliwe alihitaji raia wawili waliomjua kwa miaka mitano, waape kwamba ni mtu mwema asiyetaka kuipindua serikali.

Shahidi wa kwanza alikuwa Lindqvist, mhunzi Mswidi. Wa pili alikuwa Burdick, msimamizi wa kiwanda cha mbao. Ijumaa, siku tatu kabla ya kesi, Burdick akaja kwangu ameshika kofia mkononi. Wiki ile watu wenye mashuka meupe, wale wanaochukia wageni, walikuwa wamechoma msalaba kilimani, juu ya mji, kututisha.

"Samahani, Bi Kettunen. Sitaweza. Nina watoto."

"Na mimi nina nini, kuku?" nilimjibu, nikamfungia mlango.

Nilikasirika, kisha nikaogopa. Kesho yake, zamu ya wanawake ilipofika kwenye sauna, nilikuwa namsugua mgongo Hilja, mke wa Isak.

"Sugua basi, mbona unanipapasa?" alisema.

"Hilja, Burdick katutosa."

"Nimesikia."

"Namtaka mumeo."

"Mchukue tu, hata leo. Uje umfulie na soksi." Alicheka, kisha akageuka akauona uso wangu, akaacha. "Mwenzangu, nitamwambia. Ila nisimsukume. Isak ukimsukuma anarudi nyuma kama punda."

Jumapili ikapita bila jibu kutoka kwa Isak. Jumatatu tukaenda mjini na gari la farasi la Lindqvist. Viljo alikuwa amevaa suti ya harusi yetu, na haikufunga kifuani.

Mkaguzi wa uraia alikuwa kijana aliyejipaka mafuta ya nywele. Mbele ya jaji aliweka mezani vitu viwili: kadi ya chama, na barua isiyo na jina la mwandishi. Miaka mitatu nyuma watu walifukuzwa nchini kwa kadi za namna ile. Viljo alieleza habari za maigizo. Jaji, mzee mwenye mafua, alimtazama kama anayemtazama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Lindqvist akaapa, akasema yake.

"Shahidi wa pili?" aliuliza jaji.

Nilitazama mikono yangu. Ndipo mlango ukalia nyuma, na Isak akaingia na koti lake la kanisani, viatu vimejaa matope. Alikuwa ametembea maili tisa, maana alikuwa mkaidi mno kuomba kupanda gari letu. Karani alipokwisha kuandika kwamba shahidi amebadilishwa, Isak akaapa.

"Unampenda mtu huyu?" mkaguzi alimuuliza.

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Alimdhihaki mchungaji wetu. Tena hana adabu na mbegu za viazi, anapanda mapema mno."

"Basi sikiliza barua hii." Mkaguzi akasoma kwamba kila Jumamosi wanaume hukutana kwenye kibanda cha Kettunen kisicho na dirisha, moshi hufuka, na hakuna ajuaye wanapanga nini humo ndani. "Unajua lolote juu ya mikutano hiyo?"

"Najua yote. Mwanamume mwingine anayeingia humo ni mimi peke yangu."

Watu wakacheka. Jaji akagonga meza, lakini nilimwona akijifunika mdomo kwa leso.

"Mnazungumza nini?" aliuliza jaji mwenyewe.

"Hatuzungumzi, mheshimiwa. Mimi sisemi naye."

"Miaka sita?"

"Sita. Lakini mtu aliye uchi kwenye joto lile hawezi kujificha, hata akinyamaza. Nikikohoa, ananipisha karibu na mlango. Maji yakibaki kidogo, ananiachia mimi, yeye anatoka na sabuni masikioni. Mlango wake hauna kufuli. Huyo si mtu wa kupindua serikali. Hata mimi hajanipindua, na sababu anazo."

Mkaguzi alimwinamia. "Bwana Palomäki, unaelewa kwamba jina lako sasa litaingia kwenye faili hili, pamoja na la kwake?"

Isak alivuta pumzi. Alikuwa na shamba, na wana watatu, na msalaba ulichomwa maili mbili tu kutoka kwake.

"Andika," alisema.

Jaji akapenga kamasi, akasoma karatasi kwa muda mrefu, kisha akamwambia Viljo asimame na ainue mkono wa kulia, ale kiapo cha uraia.

Kiapo kilisomwa sentensi kwa sentensi ili azirudie. Viljo alirudia ya kwanza na ya pili. Kwenye ya tatu sauti ikamkatika kabisa, midomo ikacheza bila neno. Karani akamsubiri.

"Sema, Viljo," Isak alisema nyuma yake, kwa lugha yetu, taratibu. Akamtajia maneno yale ya Kiingereza moja moja, kama alivyoyaapa yeye mwenyewe miaka mingi nyuma, na Viljo akayasema yote mpaka mwisho.