Tumbo na Tope la Ndiva

Mtu akikosa msaragambo, yaani kazi ya pamoja, wa kuzoa tope la ndiva mara tatu mfululizo, anapoteza zamu yake ya maji. Ndivyo walivyokubaliana watu wa kitongoji kile cha Bombo, kwa sababu ndiva ni bwawa la udongo, na lisipozolewa tope halishiki maji ya kumwagilia. Nathanaeli alikuwa amekosa mara mbili, na maharage yake yalikuwa yanaanza kutoa maua.

Hakuwa mvivu. Tumbo lake lilijaa gesi, likabana, kisha likamkimbiza chooni bila kumpa nafasi. Kwa hofu hiyo alimwachia mkewe Devotha jembe, yeye akakaa nyumbani kushona nguo, karibu na choo. Lakini kadiri alivyokaa ndivyo tumbo lilivyozidi.

Akashuka Same mjini kwa Daktari Lukia. Vipimo havikuonyesha vidonda wala minyoo.

"Utumbo wako hauna jeraha, ila unashtuka haraka," daktari alimwambia. "Tembea kila siku, mwendo unaokuruhusu kuongea."

"Kutembea kunalifikiaje tumbo, daktari?"

"Utumboni mna bakteria wengi. Wapo wanaokula makapi ya chakula na kutengeneza kitu kinacholisha ukuta wa utumbo. Kwa watu wanaojishughulisha, hao huelekea kuongezeka, na wakiacha hupungua tena. Kwa ugonjwa wako utafiti bado ni mdogo, sitakudanganya. Ila wagonjwa wengi wanaotembea hupata nafuu. Usijilazimishe tu. Kazi ya kupita kiasi inaweza kulichokoza tumbo."

"Nitajuaje kama bakteria wamebadilika?"

"Hutajua. Utaliangalia tumbo lenyewe."

Basi kila asubuhi alipanda mlima na Devotha. Mkewe alisimulia mambo ya kwaya, na Nathanaeli aliposhindwa kujibu, walipunguza mwendo.

"Baba Careen, nimeuliza, nani aliharibu sauti ya tatu?"

"Ngoja nipumue."

"Basi polepole. Hatumfukuzi mtu."

Baada ya wiki kadhaa siku mbaya zilipungua. Hazikuisha.

Siku ya msaragambo alifika mapema. Msimamizi wa maji alikuwa Sadock, mjomba wake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kumbe cherehani ina miguu."

Watu wakacheka. Nathanaeli alikamata koleo akachota tope kwa nguvu, mfululizo, ili wote waone. Hakuongea na mtu, wala asingeweza, pumzi zilikuwa zimemwishia. Jua halijapanda sana, tumbo likabana.

Anayeondoka kabla kazi haijaisha huhesabiwa hakufika. Nathanaeli alisimama ndani ya tope. Ugonjwa huo hakuwahi kuutaja nje ya nyumba yake, isipokuwa kwa daktari.

"Mjomba," alisema, na wa karibu wakasikia, "nina ugonjwa wa tumbo. Ndio ulionizuia mara zote mbili. Naenda chooni kwa jirani hapo chini, narudi."

"Wanaosema wanarudi ni wengi."

"Najua. Mimi narudi."

Alirudi. Aliliacha koleo, akachukua karai, akabeba tope sambamba na Devotha kwa mwendo wa kuongea. Baadaye akaondoka tena, akarudi tena. Mtu mmoja alimuuliza kama njia ile ameinunua. Alijibu kwamba bado wanapatana bei.

Jioni Sadock alitangaza zamu. "Nathanaeli, Ijumaa. Wa mwisho."

"Wa mwisho hukuta maji yamebaki kidogo, mjomba," Devotha alisema.

"Najua, mwanangu. Maneno ya tumbo nimeyasikia. Lakini tope lake mara zile mbili lilizolewa na wengine."

Nathanaeli alipiga hesabu kichwani. Maji hayo yangetosha matuta ya chini. Ya juu yangengoja mvua.

"Ijumaa nitafungua maji, mjomba," alisema, akaenda kunawa miguu.