Tutawafundishia Nyumbani

Mume wangu Apollinarie alikuwa mkatekista wa kigango chetu hapa Katumba tangu tulipokimbia Burundi, na kwa ubishi hakuwa na mwenzake. Vitabu vya sala vilibaki huko, kwa hiyo ibada nzima aliibeba kichwani. Kila padre alipokuja kutoka Mpanda alimsihi achague vijana awafundishe.

"Samaki mkunje angali mbichi, mwalimu."

"Wangu nitamkunjia Burundi, padre," alijibu akicheka.

Si yeye tu. Wazee wote waliimba hivyohivyo: watoto watafundishwa nyumbani, kwenye kanisa la matofali lenye kengele, hapa tunapita. Vitabu vya Kiswahili alivyoletewa alivisukuma chini ya kitanda, mchwa wakavila. Mwanetu Pacifique alipoomba kuongoza sala, baba yake alimwambia angoje. Akangoja mpaka akaota ndevu, kisha Jumapili zake akazihamishia kwenye bani la kukaushia tumbaku, na vijana wenzake vilevile. Nilikasirika, nikasema, nikachoka. Mke wa mkatekista husikilizwa akiuliza habari za chumvi.

Mwaka tisini na tatu redio ilitangaza uchaguzi kwetu Burundi, watu wakaanza kuuza mbuzi ili warudi. Apollinarie akafunga mizigo. Oktoba redio hiyohiyo ikasema rais ameuawa, na badala ya sisi kwenda, wengine wakaja wakikimbia. Mizigo aliifungua mwenyewe. Kwaresima iliyofuata kiharusi kikampiga, kikamchukua mkono mmoja na ulimi.

Jumapili moja baada ya hapo Pacifique alimleta baba yake kanisani kwa baiskeli. Mvua ilikuwa imekata barabara, padre hakuweza kufika. Wazee waliojua kuongoza tulishawazika. Sisi wengine, miaka yote hiyo, tulikuwa waitikiaji tu. Watu wakakaa, wakatutazama.

"Simama wewe," nilimwambia Pacifique.

Nilitarajia angekataa. Hakukataa, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Alifuta mikono iliyonata utomvu wa tumbaku, akaenda mbele, akafanya ishara ya msalaba. Halafu akakwama.

"Data," alimwita baba yake kwa Kirundi chetu, "naanza na sala ipi?"

Apollinarie akafungua mdomo. Alikuwa nazo zote, niliona machoni mwake. Yakatoka mate. Akajaribu tena, akipiga goti lake kwa ule mkono uliobaki mzima, mpaka jasho likamtiririka.

"Nitajifunza, Data. Niambie ile ya kwanza tu."

Nilimfuta mume wangu mdomo kwa kitenge. Watoto walianza kutoka nje mmojammoja kwenda kucheza, na hakuna mtu aliyewaita.